Unasikiliza rock na uko Mbeya? Anza na hedifoni za waya, sabufa iwe ya mwisho

Mwaka juzi nilijichanga miezi minne nikanunua sabufa. Nilikuwa nimechoka kusikiliza Back in Black ya AC/DC kwenye kispika cha simu, nikasema safari hii nataka niisikie inavyotakiwa. Kijana wa dukani (duka lenyewe silitaji) akanipigia wimbo wa bongo fleva, vioo vya kabati vikatetemeka, akaniambia kaka huu ndio mziki mnene, nikalipa, nikaipakia kwenye bajaji mpaka Uyole. Nafika nyumbani naweka Hells Bells, maana albamu inaanza na huo. Ule wimbo unafunguliwa na kengele kubwa inayogongwa taratibu, afu gitaa la Angus Young linaingia kwa mbali kama mtu anakuja anapanda mlima. Kwenye sabufa yangu kengele ikalia kama sufuria imegongwa na mwiko, gitaa likamezwa na mvumo wa besi, na sauti ya Brian Johnson ikawa ya mtu anayeongea kajifunika blanketi. Iliniuma sana.

Toka siku ile nimekuwa nikijaribu kila kifaa ninachokutana nacho, cha kwangu, cha jirani, cha kuazima, na nimeshapata msimamo. Napanga hapa kuanzia cha kununua kwanza mpaka cha mwisho, na nampangia mtu anayependa rock, sio anayetafuta mziki wa kipaimara.

Ila kwanza elewa kwa nini rock inasumbua vifaa. Sikio la mtu linasikia kuanzia kama hezi 20 mpaka 20,000 (hezi ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, namba ndogo ni sauti nzito, kubwa ni nyembamba). Waya mnene kuliko yote wa gitaa la besi unalia hezi 41, wa gitaa la kawaida 82, lakini ule ukali wa gitaa la umeme, ile mikwaruzo, koo la mwimbaji na mlipuko wa snea, ile ngoma yenye mlio mkali, vyote vimejazana katikati, kwenye mamia mpaka elfu chache. Rock inaishi hapo katikati. Vifaa vingi vya bei chee vimetengenezwa visukume chini kabisa na juu kabisa ili dukani vikushtue, katikati panabaki shimo, na kwenye hilo shimo ndipo gitaa lako lilipozama.

Namba moja: hedifoni za waya

Najua watu wanaziona za kizamani lakini sijaona kitu kinachozikaribia kwa pesa ileile. Kwenye za waya hela yako hailipii betri wala mitambo ya Bluetooth, karibu yote inaenda kwenye spika yenyewe. Zangu za kuchomeka sikioni nilizipata Mwanjelwa kwa elfu kumi na tano, huu mwaka wa tatu bado zinadunda, na nilisikia gitaa la pili kwenye nyimbo nilizokuwa nazijua kwa miaka nikidhani zina gitaa moja tu.

Shida ni feki, zimejaa. Usinunue kwa kuangalia boksi. Omba uchomeke kwenye simu yako mwenyewe, muuzaji akikataa nenda meza inayofuata, na uwe na nyimbo zako za kupimia. Mimi naanza na Money ya Pink Floyd, iko kwenye The Dark Side of the Moon ya 1973, pale mwanzo sarafu na mashine ya kuhesabia hela vinalia kwa kupishana, hiki kushoto hiki kulia. Vikilia vyote katikati ya kichwa rudisha hizo hedifoni, waya za ndani zimeunganishwa pamoja na unanunua masikio mawili yenye sauti moja. Baada ya hapo naweka Bohemian Rhapsody ya Queen, ya 1975, pale wanapoimba Galileo sauti zinavyorukiana kutoka sikio hadi sikio, na kwangu huo wimbo una uzito wake kwa sababu Freddie Mercury kazaliwa Unguja mwaka 1946, ni mtu wa kwetu huyo. Namalizia na Smells Like Teen Spirit ya Nirvana, 1991. Gitaa linaanza peke yake, safi, halafu ngoma zinaingia na kila kitu kinalipuka kwa mpigo. Kifaa kibovu hapo kinapasuka sauti, kizuri kinakua tu.

Angalia na vile vipira vya kuingia sikioni. Ukipewa saizi tatu zijaribu zote hata kama muuzaji anakuharakisha, kwa sababu kipira kikiwa kidogo besi yote inavujia nje na utaenda kulalamika kwamba hedifoni mbovu kumbe ni kipira. Kama simu yako haina tundu la duara tafuta adapta ya Type-C, ila nayo ijaribu palepale, nimeshauziwa mbili zilizokuwa zinatoa sauti upande mmoja.

Zile kubwa za kufunika sikio lote ni nzuri zaidi kama unasikilizia nyumbani, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai zinapasha masikio pia, hilo nalo ni faida. Waya huwa unakatikia pale shingoni mwa pini, usitupe, fundi simu anakata kipande anachomelea pini mpya. Na sauti weka kama asilimia 60 ya simu, usivuke. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na sikio likishakufa hakuna fundi wa kulilehemu.

Namba mbili: redio ya mtumba yenye spika mbili za mbao

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na ningeiweka ya kwanza kama isingekuwa na mitego. Mjomba wangu alikuwa TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, na kwenye safari za Zambia alikuwa anarudi na kaseti. Mimi nilikua nikijua rock ni ya watu wa hukohuko Zambia, ya wazungu nilikuja kuijua baadae. Miaka ya 70 kule Copperbelt vijana walishika magitaa ya umeme wakayakoroga na midundo ya nyumbani ikazaliwa Zamrock. Kundi la WITCH lilitoa Introduction mwaka 1972 na Lazy Bones!! mwaka 1975, Amanaz nao wakatoa albamu yao Africa mwaka huohuo wa 1975. Gitaa lao limechafuliwa kwa makusudi, linaunguruma kama lori la mizigo linapanda mlima Nyoka na gia ndogo, na juu yake mtu anaimba taratibu kabisa kwa huzuni. Kutoka hapa mpaka mpaka wa Tunduma ni kama kilomita mia tu na bado watu wengi mjini hawajawahi kuwasikia! Jagari, mwimbaji wa WITCH, alirudi jukwaani akiwa mzee na wakatoa albamu mpya, Zango, mwaka 2023. Itafuteni jamani.

Sasa muziki wa namna ile ulirekodiwa kwa ajili ya spika za mbao, na ukiusikia humo unaelewa. Ngoma za When the Levee Breaks ya Led Zeppelin, 1971, John Bonham alizipiga chini ya ngazi za jumba moja kubwa kule Uingereza, maikrofoni zikaning'inizwa juu ya ngazi, ndio maana zina ule mwangwi. Kwenye spika mbili za mbao zilizokaa usawa wa sikio, moja kushoto moja kulia, unaona kabisa ukubwa wa lile jumba.

Mitego ni miwili. Cha kwanza geuza redio nyuma usome volti. Iliyotoka Japani inakuwa imeandikwa 100V, na umeme wetu ni 230V, ukiichomeka moja kwa moja inaungua hapohapo, lazima ununue transfoma ya kupunguza na hiyo gharama uiingize kwenye hesabu kabla hujaanza kupatana bei. Cha pili fungua kitambaa cha spika, gusa kwa kidole ule ukingo wa sponji unaozunguka koni. Sponji ikizeeka inakuwa kama mkate mkavu, inaachia unga mweusi kwenye kidole. Ikiwa hivo spika hiyo itakwaruza, ama uiache ama ushushe bei sana umpe fundi abadilishe ukingo. Ukinunua usizibananishe ukutani wala usizipandishe juu ya kabati, zivute mbele kidogo. Na masika mvua ikianza kupiga bati hakuna spika itakayoshinda, hapo rudi kwenye hedifoni.

Namba tatu: vile vya Bluetooth vya masikioni

Vya kazini na vya kwenye daladala. Vinafaa, sivikatai, ila kwa hela ya vile vyenye sauti ya kueleweka ungepata za waya nzuri mno na chenji ya bando. Betri zake ndogo na zikichoka mafundi wengi hawazigusi. Kitu kingine, kama unapenda kuangalia matamasha, vile vya bei ya chini sauti inachelewa nyuma ya picha. Mimi naangalia sana Queen pale uwanja wa Wembley, London, kwenye tamasha la Live Aid, 13 Julai 1985, zile kama dakika 20 tu ambazo Freddie aliushika uwanja mzima, na kwenye Radio Ga Ga watu wote wanainua mikono wanapiga makofi kwa pamoja. Ukiona mikono imeshakutana na kofi linakuja baadae, raha yote imekwisha. Jaribu na video dukani, sio wimbo peke yake.

Namba nne: spika ya Bluetooth ya kubeba

Umeme ukikatika hii ndiyo inayobaki inaimba, na kwa kukaa nje na washkaji inatosha. Lakini nyingi zina spika moja ndani kwa hiyo kushoto na kulia vinachanganywa, ile Money niliyosema inakuwa kelele za sarafu tu. Ukiamua kuichukua uliza kama mbili zinaweza kuunganishwa pamoja, afu ya pili utaongeza ukipata hela.

Namba tano: sabufa

Kwa rock, mwisho kabisa. Kile kiboksi kikubwa kinafanya kazi ya besi, halafu gitaa na mwimbaji wanaachiwa vile vispika viwili vidogo vya plastiki. Na msidanganywe na maandishi. Boksi linaandikwa maelfu ya wati, pembeni kwa herufi ndogo PMPO, hiyo ni namba ya kupamba, ya kweli inaitwa RMS. Kama hawajaiandika geuza nyuma usome inakula umeme kiasi gani, pakiandikwa wati 45 basi haiwezi kutoa zaidi ya 45 hata boksi liseme nini.

Kama unayo tayari usiitupe. Itoe kwenye kona maana kona inazidisha besi, kile kiboksi kikubwa kiweke sakafuni mbali kidogo na ukuta, vile vidogo vipandishe usawa wa sikio ukiwa umekaa, afu shusha kinobu cha besi mpaka robo na ikwalaiza ya simu pandisha katikati kidogo. Yangu niliifanyia hivo. Kengele ya Hells Bells sasa inalia kengele, gitaa ndio bado.