Spea za Stihl 070 ya Mjerumani: nilichonunua Gerezani na nilichokiacha kaunta

Kama una chensoo (msumeno wa mnyororo) ya Stihl 070 ya zamani iliyokufa, usiwape wanunuzi wa chuma chakavu. Spea zake zipo Gerezani, kule Kariakoo, Dar es Salaam, tena nyingi kuliko za chensoo zilizotoka juzi, na hilo tuwashukuru Wachina. Wameikopi 070 kwa miaka mingi, na kopi zao zimejaa misituni kuanzia huku kwetu Mufindi hadi Njombe. Kwa hiyo kupata spea si kazi. Kazi ni kujua ipi uifunge kwenye mashine na ipi umrudishie muuzaji kwa heshima zote. Yangu imetoka kwa fundi hivi karibuni, naandika bei zikiwa bado zinaniuma.

Mashine yenyewe niliirithi kwa baba, ambaye alifanya biashara ya mbao hapa Mafinga kabla yangu. Ubavuni ina maandishi ya W. Germany, kwa hiyo ni ya kabla ya Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990. Ujazo wa silinda ni sentimita za ujazo 106 (cc 106), pistoni ina kipenyo cha milimita 58, nguvu ni kama farasi 6 na nusu, na uzito unapita kilo 10 kabla hujafunga bamba wala mnyororo. Ukoo wake ni ule wa Contra, chensoo ambayo Stihl waliitoa mwaka 1959. Breki ya mnyororo haina. Mtu aliyezoea chensoo za kisasa akiishika mara ya kwanza huwa namwambia asimame vizuri kwanza, ndipo avute kamba.

Lakini kwenye gogo nene haina mpinzani. Chensoo ndogo hupiga kelele nyingi juu, ukiikandamiza inazima. Hii inanguruma chini chini kama lori linalopanda Kitonga, na mnyororo wake wa saizi ya inchi .404 hausimami. Wenye ding dong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao, wakipata gogo ambalo haliwezi kupanda kwenye mashine yao, wanakuja kuuliza kama ile ya mzee ipo, ili walipasue vipande kwanza.

Shemeji yangu wa Makambako naye alikuja kuuliza. Mlingoti (mkaratusi) mkubwa ulikuwa umeanguka shambani kwake. Nikamwazima, kwa sababu ni shemeji na kwa sababu mama mkwe alikuwa amekaa palepale sebuleni. Nikampa na chupa ya oili ya tu-stroki, nikamwelekeza kijana wake mbele ya watu: lita 5 za petroli, mililita 200 za oili, yaani moja kwa 25. Tena nikamkumbusha kwamba usajili wa chensoo kwa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, una jina langu, kwa hiyo isivuke mpaka wa shamba lake.

Ilirudi imefutwa inang'aa, jambo lililonitia wasiwasi kabla hata sijaigusa. Nilipovuta kamba ikaja laini, haina ubishi wowote, yaani injini haigandamizi tena. Chupa ya oili nayo ilirudi. Kizibo chake kilikuwa hakijafunguliwa.

"Shemeji, mashine imechoka tu hiyo, ya siku nyingi," akasema.

Nikaweka chupa mezani, tukaitazama wote. (Alilipa nusu ya gharama baadaye. Mama mkwe alihusika.)

Nianze na fundi, maana bila yeye ningenunua vitu nisivyohitaji. Ni mzee wa hapahapa mjini, hana bango, ana benchi na vaisi na redio. Hakufungua injini. Alitoa ekzosi tu, akamulika tochi kwenye tundu lake, akanionyesha ubavu wa pistoni: michirizi ya wima, mingine mipana kama uzi wa viatu. Petroli tupu hiyo. Injini ya aina hii haina oili nyingine ya kulainisha ndani zaidi ya ile iliyochanganywa na petroli, na upande wa ekzosi ndio wa moto zaidi, kwa hiyo ndio unaoanza kuliwa.

Pistoni ilikuwa ya kutupa. Silinda mimi nilidhani nayo imekwenda, kwa sababu ndani ilikuwa na mabaka ya kijivu yaliyoganda. Mzee akasema yale mabaka si mikwaruzo ya silinda, ni aluminiamu ya pistoni iliyoyeyuka ikajipaka. Akavaa glovu, akatoka nje ya banda, akachovya kijiti chenye pamba kwenye maji ya kostiki, ile wanayotengenezea sabuni, akagusa baka moja. Likatoa povu la kijivu. Akafuta, akagusa tena, akafuta. Kostiki inakula aluminiamu lakini ile ngozi ya kromu iliyofunika ukuta wa silinda haiigusi. Hatari ni kwamba mwili wa silinda chini ya kromu nao ni aluminiamu, ukimwagia ovyo unaula wote, ndiyo maana alikwenda kwa kijiti, baka kwa baka, mchana kutwa. Mwisho akapitisha msasa laini, akaniambia nipitishe kucha. Haikukwama popote. Silinda ya Mjerumani ikawa imepona kwa sabuni ya kufulia, karibu. Ufundi wake wote ulikuwa Sh 60,000 na sikubisha hata shilingi.

Orodha aliyoniandikia: pistoni na ringi zake, sili mbili za krenki, gaskiti, na seti (kiti) ya kabureta, ile yenye ngozi ndogo za mpira. Kabureta ni Tillotson, ngozi zake zilikuwa zimekauka kama karatasi kwa uzee, na hilo halikuwa kosa la shemeji.

Duka la Mafinga linahitaji maneno machache: wana minyororo, wanakukatia kwa kuhesabu meno, wana mabamba, tupa na filta za hewa, na ni waungwana. Pistoni ya 070 wanayo kwa seti ya kopi tu. Sikuchukua.

Gerezani ni habari nyingine. Duka la kwanza kijana alinitazama, akatazama nyuma yangu kama kuna mwanaume anakuja. "Mama, mwambie fundi wako anipigie." Nikamwambia fundi amenituma mimi. Akaleta seti nzima, silinda, pistoni na ringi, Sh 95,000, "OG kabisa, bosi wangu," yaani orijino. Boksi lina rangi ya chungwa. Namba za spea za Stihl kwa 070 huanza na 1106, na hapo hapakuwa na namba yoyote. Nikaingiza kidole ndani ya silinda nikapapasa yale madirisha ya hewa: kingo zilikwaruza ngozi. Ringi ikipita hapo mara elfu kadhaa kwa dakika itanasa siku moja na kuvunjika. Kijana akasema fundi atapiga msasa. Nikauliza kama OG huwa inapigwa msasa ikiwa mpya. Akaanza kumhudumia mteja mwingine.

Duka la pili liko ng'ambo ya barabara, jembamba, limejaa mpaka darini, na mwenyewe ni mtu mzima. Nilimwekea pistoni mbovu kaunta, akatoa vernia akapima mwenyewe, kisha akanipa mimi nipime. Alipanda ngazi akashusha boksi lenye vumbi: pistoni iliyotengenezwa Italia, milimita 58, ikiwa na ringi, pini na klipu zake, Sh 130,000. Nilipouliza sili za bei ya chini zilizokuwa kwenye kioo, akanizuia. "Hizo usichukue, mwanangu. Zikipata joto zinakauka, injini inavuta hewa ya pembeni, utarudi hapa na pistoni nyingine." Akanipa za gharama, akazipima vipimo vyote vitatu, kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, alitoa bila kuombwa, na mnajua Kariakoo hilo lina uzito gani.

Kasoro zake ninazo pia. Anafungua akitaka. Simu hapokei asubuhi. Ukiagiza ukiwa mkoani hatumi mpaka ulipe yote, na mzigo wa gaskiti alionitumia baadaye kwa basi kutoka stendi ya Magufuli ulikuja gaskiti moja pungufu. Alipoambiwa aliituma bila maneno.

Vitu vya kopi nilivyokubali, maana sipingi kopi kama dini: stata nzima na kamba yake, mfuniko wa tangi, filta, mpira wa mpini, na kengele ya krachi (kile kikombe chake cha nje). Vyote vimekaa sawasawa kwenye mashine ya Mjerumani, na vikifa havina cha kuua. Nisichokubali kopi ni chochote kinachogusa mwako au kinachoshika krenki: silinda, ringi, sili, beringi. Hapo akiba ya elfu thelathini inakula injini.

Sasa hivi inafanya kazi. Kamba imerudisha ubishi wake, nimevuta kwa tahadhari ili isinirudishie mkono. Plagi nimeacha nafasi ya milimita 0.5, na ukiitoa baada ya kazi ina rangi ya kahawia, si nyeupe. Imeshapasua magogo ya milingoti ya jirani bila kuzima, nikiwa nimesimama hapo na kopo langu la mafuta.

Duka la pili nampa nyota 4, fundi 5, duka la kwanza 1 kwa sababu kiti chao cha kukalia kilikuwa kizuri. Kuazima bado naazima, lakini siku hizi inatoka na opereta wangu na mafuta niliyochanganya mwenyewe, na opereta analipwa na mwazimaji.

Kitu kimoja kimenishinda. Mfumo wangu wa moto ni ule wa kontakti, zile pointi zinazokata na kuunganisha umeme wa plagi, nazo zimelika. Mzee amezipiga msasa zikakubali lakini hazina maisha marefu. Mfumo wa umeme wa kopi, usio na kontakti, hauchukuani na sumaku niliyonayo, inabidi kubadili na gurudumu lake, na sitaki. Mwenye 070, au ndugu yake 090, ya kuchinjwa spea, yenye kontakti nzima, aniambie bei. Nauli ya kuifuata ni juu yangu.