Kasri la Ufaransa Kama Nyumba ya Kuishi: Tazama Paa Kabla ya Bustani

Watazamaji wetu, karibuni. Bidhaa ya leo haiingii kwenye boksi: ni kasri la mashambani Ufaransa, kando ya mto Loire, lenye mnara, ngazi za mawe na dohani zimejipanga juu ya paa. Linauzwa kama nyumba ya kuishi, na bei ndiyo inayowapagawisha watu, maana mbali na miji kasri zima huweza kuuzwa kwa pesa ya fleti nzuri ya Paris. Muuzaji hakupunguzii kwa kukupenda.

Uzuri upo, tusiufiche. Kuta ni za tuffeau, jiwe jeupe laini la chokaa la eneo hilo, nene kiasi kwamba joto la Julai huishia nje. Aliyelala nyumba ya mawe Lamu au Mji Mkongwe anaujua ubaridi huo. Madirisha marefu yanaleta mwanga hadi katikati ya chumba, dari iko juu sana, na usiku unasikia bundi tu.

Sasa geuza kalenda, uje Januari. Chukua ukumbi wa mita 8 kwa 6, dari mita 4.5: hewa ya kupasha joto ni mita za ujazo 216. Chumba cha kawaida cha 3 kwa 3, dari mita 2.7, kina kama 24. Yaani ukumbi mmoja ni vyumba tisa, tena kioo cha dirisha ni cha tabaka moja na hewa ya moto inakimbilia darini. Chambord, kasri kubwa kuliko yote huko, lina meko 282, na mfalme François wa Kwanza aliyelijenga alikaa humo wiki chache tu katika utawala wake wote. Na kuni hakununua! Wanaoishi vizuri kwenye makasri haya huchagua vyumba vitatu au vinne karibu na jiko, wakaviziba vizuri na kuvipasha joto, na kwingine wakahakikisha pakavu na hewa inapita. Ukitaka kupasha nyumba nzima, andaa bajeti ya hoteli.

Paa sasa, na hapa hatuna haraka. Vigae vya sleti, yaani mawe meusi yaliyopasuliwa membamba, vyenye ubora vinaweza kupita miaka 100. Kinachokufa mapema ni vishikizo vyake, misumari au kulabu za chuma, ambazo hula kutu na kuachia. Kigae kimoja kimeteleza? Fundi atakirudisha. Vikiteleza huku na kule paa zima, kulabu zimechoka, na hilo ni paa la kufumua. Kumbuka mwinuko pia: jengo la mita 20 kwa 12 lina eneo la mita za mraba 240 chini, lakini paa la nyuzi 55 juu yake linakaribia 420. Na kabla ya kigae cha kwanza kuna gharama ya jukwaa la mafundi kuzunguka jengo.

Panda darini mchana, zima tochi, usubiri macho yazoee. Vitobo vya mwanga utaviona mwenyewe. Kisha fuata kenchi hadi pale ncha zake zinapokaa juu ya ukuta, uchome kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye mkate, maji yamekuwa yakiingia muda mrefu. Mara nyingi chanzo ni kidogo mno: gata limeziba majani, maji yakafurika ukutani, ncha za mbao zikalowa. Unyevu wa mbao ukikaa juu ya asilimia 20, anaweza kuja kuvu anayeitwa mérule. Huyu hupenya hata ndani ya ukuta wa mawe kutafuta mbao nyingine. Dalili zake ni harufu ya uyoga, nyuzi nyeupe kama pamba na vumbi la rangi ya kutu. Kipima unyevu cha mkononi si ghali, nenda nacho.

Jambo la pili ni saruji. Ukuta wa zamani hunywa maji na kuyatoa kupitia chokaa. Ukiupiga plasta ya saruji, maji hukwama ndani pamoja na chumvi, na uso wa tuffeau hubanduka vipande. Mafundi wa Zanzibar wameyaona haya kwenye kuta za matumbawe: saruji nje, boriti zinaoza ndani. Kwa hiyo kasri "lililokarabatiwa" kwa saruji tunalipatia alama chache kuliko lile lililoachwa na nyufa zake.

Sheria nayo ina mkono. Kwa utaratibu ulioanzia na sheria ya mwaka 1913, kasri huweza kuwa limeorodheshwa katika daraja mbili: classé, la juu, au inscrit, la chini yake. La classé huligusi bila idhini ya serikali, ingawa kuna nafuu za kodi na pengine ruzuku. Hata lisipoorodheshwa, likiwa ndani ya mita 500 kutoka jengo la kihistoria lililoorodheshwa, msanifu wa serikali anaweza kutoa kauli hadi juu ya rangi ya dirisha.

Kwenye mkataba, gharama za notaire (ofisa wa sheria anayesimamia mauziano) na kodi ni kama asilimia 7 hadi 8 juu ya bei. Baada ya mkataba wa awali mnunuzi ana siku 10 za kujitoa. Muuzaji hukupa ripoti za lazima, mfano ya rangi yenye risasi kwa nyumba za kabla ya 1949, ila hazikuambii kama paa na kuta ni imara. Mkaguzi huyo umlipe wewe, kabla ya kusaini. Na karo la maji taka likiwa halijakidhi kanuni, una mwaka mmoja wa kulirekebisha.

Tunalipendekeza kwa nani? Kwa mwenye akiba ya paa iliyobaki baada ya kununua, au mwenye mpango wa kupokea wageni wa harusi. Anayetumia senti ya mwisho kwenye bei, hapana.

Kama kuna kasri mnaloliwazia, tuwekeeni picha hapo chini. Za paa la upande wa kaskazini, jamani. Za bustani tumeshaziona.