Taa za breki za gari la zamani: ununue nini kwanza

Volkswagen Beetle, Peugeot 504, Land Rover Series III: yalibuniwa kabla Noah na Probox hazijaanza kutufuata mkia kwa mkia. Taa zao za nyuma ni ndogo, ziko chini, na breki inategemea glopu ya wati 21 kila upande. Jua la saa saba likiangukia kile kioo chekundu, anayekufuata hajui kama umekanyaga breki au la. Dawa zake zimejaa kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi. Nimezipanga kwa jinsi ambavyo ningezinunua mwenyewe.

Ila kabla hujatoa hela, pima. Mtu akanyage breki, wewe weka testa ya volti kwenye soketi ya glopu, kisha kwenye betri, ulinganishe. Glopu ya kawaida ikikosa asilimia 10 ya volti zake, mwanga hushuka kwa karibu theluthi moja. Mara nyingi mwizi ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi: kutu imekaa kati ya taa na bodi. Land Rover ndizo sugu zaidi, maana bodi ni alumini na chesisi ni chuma. Msasa kidogo, waya mmoja mpya wa athi, na rifleta (kile kikombe kinachorudisha mwanga nyuma ya glopu) iliyofifia ipakwe rangi ya fedha. Wengine huishia hapo na kuridhika.

1. Taa ya tatu ya breki
Hii naiweka juu, wapenda asili wanune wanavyotaka. Marekani iliifanya lazima kwa magari madogo ya abiria kuanzia modeli za 1986. Ikiwa juu na katikati, haichanganyiki na taa za usiku wala indiketa, na hata dereva wa gari la pili nyuma yako anaweza kuiona kupitia vioo vya gari lililo kati yenu. Chukua ukanda mwembamba wa LED nyekundu, wa kubandika ndani ya kioo cha nyuma. Hutoboi chochote, umeme unauchukua kwenye waya wa breki uliopo, na ukitaka kwenda Concours Nairobi, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, unaubandua.

2. Glopu za LED
Glopu ya waya huchukua takriban sehemu ya tano ya sekunde kufikia mwanga wake; LED huwaka papo hapo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, muda huo ni zaidi ya mita nne za barabara.

Hapa ndipo watu wengi huuziwa takataka. Nunua nyekundu, si nyeupe, kwa sababu kioo chekundu humeza sehemu kubwa ya mwanga mweupe. Nunua yenye vitaa ubavuni pia, si kwenye ncha tu, la sivyo rifleta haipati kitu. Kisha ijaribu dukani: washa taa za usiku, halafu breki. Kama tofauti haionekani mara moja, irudishe, hata iwe inawaka kali namna gani. Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6, na magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1960 kurudi nyuma yana athi ya chanya, yaani nguzo chanya ya betri ndiyo imefungwa kwenye bodi. Mwambie muuzaji mapema, kwa kuwa LED nyingi haziwaki zikigeuziwa nguzo.

3. Swichi ya breki na relei
Swichi inayosukumwa na mafuta ya breki, kama ya Beetle, ikichoka hungoja mpaka ukanyage kwa nguvu. Ukipunguza mwendo taratibu, nyuma kuko giza. Ibadilishe. Relei, swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya swichi ya breki, inawafaa wanaobaki na glopu za waya, kwani glopu mbili huvuta kama ampea 3.5 kupitia swichi ya breki. Ukiwa na LED, hela ya relei kanunulie mafuta.

4. Vioo vipya vya taa
Kama vya sasa vimepauka au vina ufa, sawa. Vile vya kuiga hutofautiana sana kwa rangi, kwa hiyo nunua jozi kutoka boksi moja.

Halojeni za wati nyingi usiziguse: huyeyusha kioo cha plastiki na kuchoma soketi. Vioo vyeusi vya mapambo vinakurudisha ulikotoka. Na zile za kumetameta kila ukigusa breki, trafiki atakusimamisha kabla hujafika mbali.