Léoville Barton 1996: Namna ya kufungua mvinyo wa karibu miaka 30

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo mezani nina chupa moja tu, Château Léoville Barton ya 1996, mvinyo mwekundu kutoka Saint-Julien, Bordeaux, Ufaransa. Kabla sijaigusa, tazameni shingoni. Mvinyo umefika chini kidogo tu ya kizibo. Ukinunua chupa ya umri huu, anza kukagua hapo. Ukiona umeshuka hadi mabegani, huenda kizibo kimelegea na hewa imeingia. Iache dukani hata kama lebo inang'aa.

Hugh Barton, wa ukoo wenye asili ya Ireland, alinunua sehemu ya shamba la Léoville mwaka 1826, na ukoo wake unaimiliki sehemu hiyo hadi leo. Mwaka 1855, mvinyo bora wa Médoc, eneo la Bordeaux lenye Saint-Julien ndani yake, ulipopangwa kwa madaraja matano, huu uliwekwa daraja la pili. Jumba lililochorwa kwenye lebo ni la Langoa, shamba jirani la familia hiyohiyo, ambako mvinyo wenyewe ulitengenezwa.

Na kwa nini 1996? Septemba ya mwaka ule Médoc ilipata ukavu na jua, ikawafaa sana wenye Cabernet Sauvignon, zabibu inayochelewa kuiva na yenye ganda nene. Ganda hilo ndilo linalotoa sehemu kubwa ya tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi kama umetafuna ndizi mbichi. Miaka ikipita, tanini hushikana na rangi, zikawa nzito, zikatua chini. Hayo ndiyo mashapo.

Kwa hiyo kazi yangu ilianza juzi. Chupa imesimama wima siku mbili ili mashapo yatue. Leo nimeiweka kwenye friji saa moja na nusu, na hapa lazima nieleze, maana wengi mmeambiwa mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumbani. Jamani, chumba kilichokusudiwa ni cha nyumba za mawe za Ulaya ya zamani, zenye baridi! Changu hapa Dar es Salaam kina nyuzi 29. Kwa joto hilo kileo kinakupanda puani, huhisi kingine chochote. Kipimajoto changu sasa kinasoma 17. Hapo pananitosha. Barafu msitie, nawaomba.

Kizibo nakitoa kwa kizibuo cha vyuma viwili bapa vinavyopenya pembeni, kati ya kizibo na kioo, kwa sababu kizibo kikuukuu ukikitoboa katikati kinavunjika. Taratibu... nazungusha huku navuta... kimetoka kizima, alhamdulillah.

Sasa mshumaa, nyuma ya shingo ya chupa, nione mashapo yakija. Namimina kwenye jagi la kioo polepole, kwa mkupuo mmoja. Mnaona unavyopita angavu? Haya, ule uzi mweusi unakuja, kama moshi. Nasimama. Mvinyo wa kina cha vidole viwili uliobaki na mashapo nauacha humo humo kwenye chupa.

Naonja sasa hivi, sisubiri. Mwaka fulani nilifungua chupa kuukuu mchana, wageni wakaja usiku. Niliutendea kama mvinyo mchanga unaohitaji hewa nyingi. Walipoketi, harufu yote ilikuwa imekwenda. Iliniuma sana, na ndiyo maana nawasisitizia.

Rangi: katikati nyekundu nzito, ukingoni imeelekea tofali. Harufu... penseli iliyochongwa sasa hivi. Tumbaku kavu. Ngozi. Halafu, chini kabisa, tunda jeusi lililoiva. Mdomoni ukakasi upo, lakini umelainika, unashika ulimi kidogo na kuuachia. Ladha inakaa muda mrefu baada ya kumeza. Nimeupenda mno.

Chakula chake ni mwanakondoo wa kuoka, chumvi na kitunguu saumu basi. Pilipili na ndimu zitauzima.

Ningeununua tena? Ndiyo, kwa siku kubwa ya familia, na kwa muuzaji anayeweza kunieleza chupa ilitunzwa wapi miaka yote hii. Kwa mtu anayeanza, au anayependa mvinyo wenye utamu na matunda tele, simshauri. Bei ni kubwa na huenda asiuone uzuri wake.

Dakika arobaini zimepita tangu nimimine. Sasa nasikia uyoga, udongo uliolowa, na lile tunda bado halijaondoka. Glasi iliyobaki nampelekea mzee wangu barazani kabla haijapata joto.