Uzoefu wangu na wavesurfer.js: noti ndefu iliyokuwa inapotea

Kwaya yetu hapa Moshi ina mazoezi mara mbili kwa wiki, na hakuna siku tunatimia. Huyu yuko zamu ya usiku, yule kaenda msibani Rombo. Aliyekosa anakuja Jumamosi hajui sauti yake, basi wimbo unarudiwa toka mwanzo. Mwalimu akaniambia, "Wewe si ndiye mtu wa mitandao? Tutafutie dawa."

Dawa niliyoiwaza ni ukurasa mmoja tu wa wavuti: unaufungua kwenye simu, unabonyeza kitufe, unaimba sauti yako, unajisikiliza, unatuma. Na mawimbi yaonekane mtu anapoimba, maana watu wetu wasipoona kitu kinacheza kwenye kioo wanadhani simu imelala.

Nilianza kwa mikono yangu mwenyewe. Kivinjari kinavyo vifaa vyote: getUserMedia inaomba kipaza sauti, MediaRecorder inarekodi, AnalyserNode inakupa namba za kuchora. Usipoigusa, AnalyserNode huchukua vipimo 2048 vya sauti na kukurudishia safu 1024 za masafa. Nikachora nguzo zikawa zinapanda na kushuka, nikafurahi kama mtoto. Mwimbaji mmoja akazitazama akaniuliza zina maana gani, nikakosa jibu. Yeye anataka kuona alipovuta pumzi na alipoingia kabla ya wenzake, na hilo linataka wimbi linalotembea, siyo nguzo.

Hapo ndipo nikaichukua wavesurfer.js. Ni maktaba ya JavaScript ya chanzo huria, hailipiwi, na ina plagini (kiongezo) ya kurekodi inayochora wimbi papo hapo. Natumia toleo la 7. Jioni moja ilitosha, ukurasa ukafanya kazi kwenye laptopu.

Kwenye simu, kimya. Niliufungua kwa anwani ya Wi-Fi ya nyumbani, zile zinazoanza na 192.168, kitufe kikawa kama pambo. Nikailaumu simu yangu, nikaazima ya jirani muuza chipsi, nayo hivyo hivyo. Kumbe kosa ni langu: kivinjari hakitoi kipaza sauti kwa ukurasa usio na HTTPS (mawasiliano yaliyofungwa kwa usiri), isipokuwa localhost, yaani kompyuta ile ile inayoendesha ukurasa. Kwenye anwani ile navigator.mediaDevices, mlango wa kukifikia kipaza sauti, haipo kabisa, kwa hiyo hata ombi la ruhusa halitokei. Nilipouhamishia kwenye seva yenye cheti cha HTTPS, ukakubali.

Siku ya kujaribu na kwaya nilimpa simu mama mmoja wa sauti ya pili, yule ambaye akikosekana safu yake nzima inayumba. "Shikamoo mama, bonyeza hapa halafu uimbe." Mstari wa kwanza ukapita vizuri, wimbi limenona. Akafika kwenye noti ya mwisho, ile ya mapigo manane. Sote tunamsikia, ameishikilia barabara, mishipa ya shingo imesimama. Lakini kwenye kioo wimbi likaanza kukonda, likakonda, likabaki uzi. Alipovuta pumzi na kuingia mstari wa pili, likanona tena.

"Mwanangu, hiki kisimu chako kinanizima," akasema, na kwaya nzima ikacheka.

Kuisikiliza rekodi ikawa kweli: noti inaanza, inafifia. Nililala nayo siku mbili. Sababu ni kwamba vivinjari, mara nyingi bila kuulizwa, huipitisha sauti kwenye machujio ya simu na mikutano: kufuta mwangwi, kupunguza kelele, kusawazisha ukubwa wa sauti. Machujio hayo yamepangwa kwa ajili ya mtu anayeongea. Maongezi hukatika-katika, kinachoendelea bila kubadilika huhesabiwa kuwa feni au jenereta, kinapunguzwa. Basi mama yetu alikuwa feni.

Tiba yake ni maneno matatu. Unapoita startMic, amri ya plagini inayowasha kipaza sauti, pitisha echoCancellation, noiseSuppression na autoGainControl, zote ziwe false. Akarudia wimbo, noti ikabaki nene mpaka mwisho. Gharama yake ni kwamba kelele nazo zinaingia zote, na masika yakishika mabati ya ukumbi wetu huwezi kuficha. Kati ya mvua na noti nimechagua noti. Na bila lile wimbi kwenye kioo, naapa ningelaumu spika.

Kwa upande wa bando, nimeweka audioBitsPerSecond, yaani biti za sauti kwa sekunde, kuwa 64000. Wimbo wa dakika tatu unakuwa kama MB 1.4, WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya kawaida ya chaneli moja ingekaribia MB 16, na hakuna mwanakwaya ambaye angeituma. Wenye iPhone wanataka uangalifu: Safari ilipokea MediaRecorder kuanzia toleo la 14.1, mwaka 2021, na kwa miaka ilikuwa inatoa faili za aina ya MP4, siyo WebM kama vivinjari vingine. Mimi nilikuwa nimeandika .webm kwa kila faili kwenye seva. Usifanye hivyo, soma aina kwenye blob yenyewe, yaani data ya rekodi unayopewa na kivinjari.

Lawama ninayo moja kwa maktaba. Ili ichore faili lililokwisha rekodiwa, hulifungua lote kwenye kumbukumbu ya simu. Wimbo mmoja sawa. Mazoezi mazima ya saa mbili, hapana. Hapo inabidi vilele vya wimbi uviandae mapema kwenye seva, kazi ambayo bado naikwepa.

Nyota nne kati ya tano. Mama wa sauti ya pili hutuma zake saa kumi na moja alfajiri kabla ya kukamua ng'ombe, na jogoo wake yumo humo humo, sauti ya kwanza.