Nimetumia huduma ya ushauri na stadi za kujisomea chuoni Moshi: nendeni, ila semina mnaweza kuiruka

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza wamekuwa wakiniuliza kuhusu hii huduma kila wiki, kwa hiyo naandika mara moja nimalize. Ni huduma ya chuo kimoja hapa Moshi, chuo ninachosoma, na sitakitaja kwa sababu nina mawili matatu ya kukilalamikia na bado sijahitimu. Kwenye tangazo la ubaoni wameandika "ushauri nasaha na stadi za kujisomea". Sisi tunasema tu "kwa Madam". Hailipiwi. Kuna semina ya ukumbini mwanzoni mwa mwaka, kuna kikao cha ana kwa ana na mshauri, ndiye huyo Madam, na kuna makundi madogo ya kujisomea yanayoongozwa na waelimishaji rika. Nimepita kote.

Semina kwanza, niitoe njiani. Ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa madirishani, kipaza sauti kinakoroma, na mnagawiwa kitini ambacho ni wazi kilitungwa ng'ambo kisha kikadurufiwa bila mtu kukisoma. Kinakuambia utenge chumba tulivu chenye dawati na taa ya mezani. Mimi nakaa geto Rau, tuko watatu, kitanda cha deka na godoro chini, na jirani ana sabufa. Kinakuambia umtembelee mkufunzi wako binafsi kila wiki. Mkufunzi binafsi yupi, wakati darasa letu la uhasibu mwaka wa pili linafundishwa kwa spika? Kitu pekee nilichotoka nacho pale ni mbinu ya Pomodoro, ile ya Mwitaliano Francesco Cirillo aliyetumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 unasoma, dakika 5 unapumzika. Kwa nadharia inafaa. Kwa swali la hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu haifai, maana dakika 25 zinakwisha ukiwa bado unachora jedwali. Mimi nimeiweka 45 kwa 10 na sijamuomba mtu ruhusa.

Kikao cha ana kwa ana ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nakesha na desa (notisi za kurithishana) kama wengine, tena pengine kuliko wengine, na alama hazipandi. GPA, yaani wastani wa alama, ya muhula ilikuja 2.9. Nikategemea kuulizwa masomo gani yananisumbua. Nimeingia, nikamwamkia, akaitikia, na swali la kwanza likawa:

"Marahaba mwanangu. Umekula nini tangu asubuhi?"

Nikasema chai na maandazi. Ilikuwa saa nane mchana. Akauliza jana nililala saa ngapi, na kahawa ya mwisho nilikunywa saa ngapi. Nilidhani ni maneno ya kunizoesha tu kabla hajaingia kwenye kazi, kumbe ndiyo kazi yenyewe. Hapa Moshi kahawa ni ya kawaida kuliko maji, na mimi kikombe changu cha mwisho kilikuwa saa moja jioni ili nikeshe vizuri. Akanieleza kwamba kwa watu wengi kafeini huchukua kama saa tano ndipo nusu yake iishe mwilini, kwa hiyo saa sita ya usiku mwili bado umebeba nusu kikombe. Unalala, lakini usingizi ni mwepesi, na usingizi ndio unaoshikisha kile ulichosoma mchana. Kijana wa umri wetu anahitaji saa saba hadi tisa. Mimi nilikuwa kwenye nne, na nilikuwa najisifu nazo.

Kisha akatoa karatasi iliyopigwa mistari kwa mkono, safu saba za siku na visanduku vya saa, akaniambia nijaze wiki iliyopita. Ratiba nilikuwa ninayo, nzuri tu, ya rangi, nimeibandika ukutani. Hakuitaka. Alitaka nilichofanya hasa, saa kwa saa, hata kama ni kulala na kuchati. Ukijaza kwa ukweli unaona aibu kidogo halafu unaona kitu: usiku wangu wa "kusoma", kuanzia saa tatu hadi saa nane, ulikuwa kurudia kusoma desa lile lile, na simu mkononi. Wakati huo huo kulikuwa na mapengo ya mchana kati ya kipindi na kipindi ambayo sikuyahesabu kabisa kwa sababu ni ya dakika 50 na nilizoea kukaa tu kwenye kimbweta, zile meza za zege za nje, tunapiga stori.

Hapo ndipo alipoingia kwenye kusoma kwenyewe, na kwa hili nampa alama zote. Alisema ukisoma ukurasa mara ya nne unauona ni wa kawaida, na macho yakishauzoea unadhani unaujua. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe, akachapisha mwaka 1885, kwa kukariri silabi zisizo na maana, na akaona sehemu kubwa ya alichokariri inapotea ndani ya siku moja tu. Na mwaka 2006 Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na wale waliofunga karatasi wakajitahini. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojitahini ndio waliokumbuka zaidi. UE, mtihani wa mwisho wa muhula, haiji baada ya dakika tano.

Basi akanifundisha kadi. Nunua manila moja, ikate vipande vya ukubwa wa kiganja. Mbele swali, nyuma jibu. Kadi yangu ya kwanza, ya kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2, bado ninayo: mbele nimeandika "IAS 2: bidhaa zilizobaki ghalani zinaandikwa kwa thamani gani?" na nyuma "Gharama, au kiasi halisi kitakachopatikana zikiuzwa, ile iliyo ndogo." Kisha bahasha tatu za kaki. Kadi zote zinaanzia bahasha ya kwanza, unaipitia kila siku. Ukijibu sawa kadi inahamia ya pili, unaifungua kila baada ya siku tatu. Ukijibu sawa tena inakwenda ya tatu, ya mara moja kwa wiki. Ukikosea, hata kama kadi ilikuwa ya tatu, inarudi ya kwanza. Utaratibu huu ni wa Sebastian Leitner, wa mwaka 1972, yeye alitumia boksi. Boksi haliingii mfukoni kwenye daladala inayosubiri kujaa, bahasha inaingia.

Tuliongea pia pesa, jambo ambalo kitini hakikuligusa hata kwa mstari. Bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, linahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi lakini linaingia kwa mkupuo, na kila mtu anajua kinachofuata: wiki ya kwanza chipsi kuku, wiki za mwisho pasi ndefu, yaani kuruka milo. Madam alinikalisha tukaligawa kwa wiki, kodi ikatoka kwanza, kisha maharage, unga na mchele vya jumla kutoka soko la Mbuyuni. Mwanafunzi anayepiga pasi ndefu wiki ya mitihani hana tatizo la stadi za kujisomea, alisema, ana njaa. Nimelisikia hilo kwa mtu mmoja tu pale chuoni, na ni yeye.

Mwishoni alinipa dodoso la PHQ-9, la dalili za sonona, kwa Kiswahili. Ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukosa raha, kujiona umeshindwa, hadi la tisa linalouliza kama umewahi kuwaza ni bora ufe au ujidhuru. Kila moja unajipa sifuri hadi tatu, jumla ya juu ni 27, na ukifika 10 mshauri anapaswa kukuangalia kwa karibu zaidi. Yangu ilikuwa chini ya hapo lakini si mbali. Alinieleza bila kupamba kwamba dodoso halimpimi mtu sonona kama kipimo cha malaria, linaonyesha tu nani asiachwe aondoke hivi hivi. Alisema anaowaona wamezidiwa huwapeleka hospitali ya rufaa, na kwa hilo Moshi tumebarikiwa: Mawenzi iko mjini na KCMC si mbali.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni benchi. Ofisi ya Madam iko kwenye korido moja na dirisha la mambo ya mkopo, na benchi la kusubiria linatazamana na foleni ya watu wanaokuja kufuatilia bumu lao. Siku ambayo foleni inatoka nje ya jengo, nusu ya chuo inakuona umekaa pale. Jioni kimbwetani unaulizwa, "Kaka, vipi tena, umechanganyikiwa?" Utani, ndiyo. Lakini namfahamu binti wa darasa letu aliyefika mpaka kona ya korido, akaona watu, akageuza. Kuhamisha benchi hakuhitaji bajeti.

La pili ni zito zaidi. Mshauri wetu amevaa kofia mbili: mchana huu anakusikiliza, kesho anakaa kwenye kamati ya nidhamu. Yeye binafsi simtilii shaka, na siku ya kwanza aliniambia wazi nini kinabaki chumbani mle na nini hakibaki (ukisema unataka kujiua au kumdhuru mtu, atamshirikisha mwingine). Ila mwanafunzi anayekunywa kupita kiasi, au mwenye mimba na anakaa hosteli, atamwambiaje ukweli mtu ambaye wiki ijayo anaweza kusikiliza kesi yake? Uongozi wa chuo ungetenganisha hizi kazi hata kesho.

La tatu mnaweza kulikisia. Madam yuko peke yake, ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, muda ule ule wa vipindi, na ikifika wiki ya UE hampati hata kwa dawa. Mwezi wa saba, baridi ya Moshi imeshuka, watu wanatembea na mablanketi maktaba na vinywaji vya enaji mkononi, ndiyo kipindi huduma inahitajika na ndiyo kipindi haipatikani.

Kundi dogo limefidia sana. Tunakaa kimbwetani, wachache, na sharti ni moja: kila mtu anafundisha mada bila karatasi, kwa Kiswahili, na wenzake wanaruhusiwa kuuliza "kwa nini?" mpaka wachoke. Baada ya hapo ndipo kila mmoja anaandika jibu kwa Kiingereza, maana mtihani ni wa Kiingereza. Ukijaribu kuanza na Kiingereza utatoa sentensi za desa zikiwa nzima nzima na hakuna atakayegundua kama umeelewa, hata wewe. Dada mmoja wa Upareni alitufundisha uchakavu wa mali kwa bodaboda: imenunuliwa milioni 3, baada ya miaka minne itauzwa laki sita, kwa hiyo kila mwaka unaondoa laki sita. Mwelimishaji rika akamuuliza kwa nini mwaka wa kwanza pikipiki mpya ipoteze sawa na mwaka wa nne wakati kila dereva anajua ikitoka tu dukani bei imeanguka. Tukabishana hadi taa za nje zikawaka, na tukawa tumeingia wenyewe kwenye njia ya salio linalopungua, ambapo kila mwaka unaondoa asilimia ile ile ya thamani iliyobaki, mada ambayo mwalimu alikuwa hajaifika. Sijawahi kuikosea tena.

Muhula uliofuata nilipata 3.4. Mnaojua mnacheka: daraja la pili la juu linaanza 3.5. Na sitawadanganya kwamba yote ni kazi ya Madam, maana muhula ule pia haukuwa na somo moja ambalo limeshadisko watu wengi, yaani kuwaondoa chuoni. Lakini nimelala, na kahawa yangu ya mwisho siku hizi ni ya saa nane mchana.

Nyota: semina moja, kikao nne (ya tano imekaa kwenye lile benchi), kundi tano.

Ukitaka kwenda, nenda kabla ya test ya kwanza, wakati nafasi bado zipo. Omba miadi kwa meseji, namba iko ubaoni, na uombe ya asubuhi mapema kabla foleni ya mkopo haijaanza. Jaza karatasi ya wiki yako iliyopita ukiwa nyumbani, itakuokolea nusu ya kikao. Kama huli, hulali, na mawazo ya kujidhuru yanakujia, usisubiri miadi ya mtu yeyote: mwambie rafiki akusindikize Mawenzi au KCMC siku hiyo hiyo, na mbebe kadi ya bima. Kwa kundi, majina yanaandikwa kwa mwakilishi wa darasa, na orodha hufungwa mapema kwa sababu vimbweta vyenye kivuli ni vichache.