Uzoefu wangu: kutibiwa mzizi wa gego lililooza hadi ndani

Swali la kwanza ninaloulizwa ni lile lile: inauma? Iliyouma ni ile hali ya kabla. Gego langu la chini lilifika mahali ambapo nikinywa kitu cha moto, maumivu yanabaki muda mrefu baada ya kumeza, na usiku nikijilaza tu linaanza kupwita lenyewe. Halafu likatulia, kimya kabisa.

Utulivu ule ndio uliomfanya daktari akunje uso. Ndani ya jino kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, na changu kilikuwa kimekufa karibu chote. Kilichokufa hakiumi. Bakteria, hata hivyo, walikuwa wameshashuka kwenye mifereji ya mizizi, na eksirei ilionyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi mmoja, mahali ambapo mfupa wa taya ulikuwa umeanza kulika.

Niliuliza kama siwezi kupewa antibiotiki nikamaliza. Jibu lake lilinikata kiu: dawa ya kumeza husafiri kwa damu, na jino ambalo kiini chake kimekufa halipati damu tena, kwa hiyo dawa haifiki pale wadudu walipojificha. Antibiotiki zina nafasi yake pale maambukizi yanapotoka nje ya jino, kwa mfano mtu akiwa na homa au uvimbe unaosambaa. Na uvimbe ukipanda kuelekea jichoni, ukishuka shingoni, au ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, hiyo si habari ya kusubiri miadi. Ni hospitali saa hiyo hiyo.

Ganzi ya taya la chini huchomwa nyuma kabisa, na nusu ya mdomo pamoja na ulimi hupotea. Mfereji mmoja bado ulikuwa na uhai, nikaruka kidogo, nikainua mkono, akaongeza ganzi. Kumbe penye uvimbe ganzi hushika kwa shida, kwa hiyo usione haya kusema kwamba bado unahisi.

Kisha akavuta kipande cha mpira juu ya jino, likabaki lile moja tu linachungulia. Mwanzoni nilihisi kuzibwa pumzi, ingawa pua ilikuwa wazi. Mpira huo nauhesabu kuwa kipimo cha daktari makini: unazuia mate yenye bakteria yasiingie kwenye jino lililofunguliwa, na unazuia vifaa vidogo na dawa ya kuoshea visiteleze kooni. Dawa yenyewe ni sodiamu hipokloraiti, jamii moja na ile ya kung'arishia nguo nyeupe, na harufu yake utaitambua mara moja. Usingependa kuimeza.

Kazi iliyobaki ni ya subira. Magego ya chini kwa kawaida yana mizizi miwili na mifereji mitatu, wakati mwingine minne, na kila mmoja ulisuguliwa kwa vijisindano vyembamba vyenye makali, ukaoshwa, ukasuguliwa tena. Kuna kifaa kinacholia kwa kasi kadiri kijisindano kinavyokaribia ncha ya mzizi, ili daktari asipitilize. Maumivu hakuna, taya ndilo linalochoka. Omba kile kijiti cha mpira cha kung'ata upande wa pili, kinasaidia sana.

Kwa kuwa palikuwa na usaha, hakuziba siku hiyo. Aliacha dawa ndani, akafunika kwa muda, nikarudi baadaye kuzibwa kwa gata-pacha, utomvu wa mti ambao madaktari wa meno wameutumia tangu karne ya 19. Baada ya hapo nilikuwa siwezi kung'ata upande ule kwa siku kadhaa, nikatumia ibuprofeni, maumivu yakaisha.

Kilichonikera ni mawasiliano. Habari ya kofia ya jino, kifuniko kigumu kinachovikwa juu ya jino lililotibiwa, ilikuja mwishoni kabisa, pamoja na bili yake, kana kwamba ni pambo la hiari. Gego lililochimbwa katikati hupasuka kirahisi chini ya nguvu ya kutafuna, na kizibo cha muda kikivuja bakteria wanarudi kule kule walikotolewa. Uliza gharama ya kazi nzima, kofia ikiwemo, kabla hujafungua mdomo.

Eksirei ya baadaye ilionyesha kivuli kimepungua. Mfupa hujijenga polepole, huchukua miezi. Jino halihisi tena moto wala baridi. Likioza upya ukingoni mwa kofia sitapata onyo la maumivu, kwa hiyo ukaguzi siukwepi.

Kwa jumla ningerudia bila kusita, ila si kila jino linastahili. Kama limepasuka hadi mzizini, au juu ya fizi hakuna kilichobaki cha kushikilia kofia, kung'oa ni uamuzi wa busara. Hapo maswali ya kumuuliza daktari ni pengo litajazwa na nini, na lini, maana meno ya jirani huanza kulala upande ule na la juu yake hushuka.